Afya ya Akili ya Wazazi Wakati wa Kufungiwa Majumbani

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa leo UVIKO-19 ni nini, aghalabu atajibu bila kusita. Atasema ni maradhi yaletwayo na kirusi. Kwamba kirusi hicho huenea kwa pumzi na matone ya mate. Kwamba hushambulia mapafu. Na kwamba chanjo yake ilianza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2020. Lakini akiulizwa maradhi hayo yalimfanya nini mama yake, ambaye pengine hakuambukizwa hata mara moja, huenda akakosa la kusema. Atakumbuka tu kwamba mwaka ule mama alikuwa mkali kupita kawaida yake, au kwamba baba alikuwa akikaa kimya mlangoni mpaka usiku, na chakula chake kikapoa.

Makala hii inahusu ukali ule na ukimya ule. Wataalamu wa nchi mbalimbali wameuchunguza, na waliyoyagundua yanastahili kufundishwa madarasani pamoja na habari za kirusi chenyewe. Tutajibu maswali matatu. Kwanza, sayansi inawezaje kupima kitu kisichoshikika kama huzuni? Pili, kufungiwa nyumbani kulipitia njia gani hata kukafika katika akili za wazazi? Tatu, taabu ya mzazi ilihusiana vipi na taabu ya mtoto? Mwishoni tutatazama mambo yaliyothibitika kuwa na msaada. Mwalimu wa biolojia, mwalimu wa hesabu na mwalimu wa uraia, kila mmoja atapata humu jambo la kufundishia.

2. Maana ya maneno

Wengi wetu tukisikia "akili" na "maradhi" katika sentensi moja hufikiri wazimu. Hilo ni kosa. Afya ya akili ni hali ya mtu kuweza kukabili misukosuko ya kawaida ya maisha, kujifunza, kufanya kazi yake vizuri, na kuwa na faida kwa wenziwe. Kama ilivyo afya ya mwili, hali hiyo hupanda na kushuka.

Yafaa kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni dhiki ya akili, yaani hali ya kulemewa na mawazo, kukosa usingizi, kukasirika upesi na kushindwa kuamua mambo madogo. Dhiki hiyo ni kama joto la mwili linapopanda: huonyesha kwamba kuna jambo, lakini bado hatujajua ni jambo gani, na pengine litatulia lenyewe. La pili ni maradhi kamili. Mojawapo ni sonona, ambayo ni huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku, kwa muda usiopungua majuma mawili, pamoja na dalili nyingine kama vile uchovu, kuvurugika kwa usingizi na kujiona mtu asiye na thamani. Jingine ni wasiwasi uliopindukia, ambapo hofu haimtoki mtu hata pale sababu yake inapokuwa ndogo au haipo.

Kwa neno "kufungiwa" tunakusudia amri za serikali zilizowazuia watu kutoka majumbani, kusafiri, kukusanyika au kwenda shuleni, ili kupunguza maambukizo.

3. Mambo yalivyokuwa

Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye iliamriwa shule zifungwe. Kuanzia tarehe 27 Machi watu walikatazwa kutoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi Aprili ukapigwa marufuku usafiri wa kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi, kisha katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Marufuku hiyo iliondolewa mapema Julai. Baadhi ya madarasa yalirudi shuleni tarehe 12 Oktoba 2020, na yaliyobaki tarehe 4 Januari 2021. Amri ya kutotoka nje usiku, ambayo saa zake zilibadilishwa mara kadhaa, haikuondolewa mpaka Oktoba 2021.

Nchini Uganda shule zilifungwa Machi 2020, na ijapokuwa baadhi ya madarasa yalirejea kwa vipindi, hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Huko ni miongoni mwa kufungwa kurefu kabisa kulikopata kutokea ulimwenguni wakati wa janga hilo. Tanzania haikuwafungia wananchi majumbani, lakini hata huko shule zilifungwa tangu katikati ya Machi 2020. Zote zilikuwa zimefunguliwa kufikia tarehe 29 Juni. Nchini Uingereza amri ya kukaa nyumbani ilitangazwa tarehe 23 Machi 2020, na shule zilikuwa zimekwisha kufungwa isipokuwa kwa watoto wachache, wakiwamo wale ambao wazazi wao walikuwa na kazi zisizoweza kusimama, kama uuguzi.

Ili tuone maana ya tarehe hizo katika nyumba moja, tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, anauza vitumbua karibu na lango la shule. Mumewe ni utingo wa basi liendalo Nairobi. Wana watoto watatu: mmoja kidato cha pili, mmoja darasa la sita, na mmoja ana miaka miwili, ambaye bibi yake wa Rabai huja kumlea siku za kazi. Shule ikifungwa, wateja wa vitumbua wametoweka. Usafiri wa Nairobi ukifungwa, mshahara wa utingo umekatika. Njia ya Rabai ikifungwa, bibi haji tena. Watoto wakubwa wanatakiwa wasikilize masomo katika redio, na redio ni moja, na madarasa ni mawili. Haya yote yamewafika watu watano wakaao katika vyumba viwili, na hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa.

4. Kupima kisichoonekana

Daktari hupima joto kwa kipimajoto. Je, dhiki ya akili hupimwa kwa nini? Chombo kinachotumika zaidi katika uchunguzi wa watu wengi ni hojaji, yaani orodha ya maswali yaliyojaribiwa kwanza kwa wagonjwa na wasio wagonjwa, mpaka ikathibitika kuwa majibu yake hutofautisha makundi hayo mawili vizuri kiasi cha kutosha. Hojaji moja mashuhuri ni ile iliyotungwa na daktari Mwingereza David Goldberg, na kuchapishwa mwaka 1972. Umbo lake fupi lina maswali 12. Mtu huulizwa, kwa mfano, kama siku za karibuni amekosa usingizi kwa sababu ya mawazo, kama anaweza kuituliza akili juu ya kazi anayoifanya, na kama anahisi daima yumo katika shinikizo, akilinganisha na kawaida yake.

Majibu huhesabiwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla huwa kati ya 0 na 36. Katika njia ya pili jibu lionyeshalo hali mbaya kuliko kawaida hupewa alama 1, na mengine 0. Mtu akipata alama 4 au zaidi huhesabiwa kuwa na dhiki kubwa inayostahili kuangaliwa na mganga. Tuangalie vema: hojaji haisemi kwamba mtu huyo ni mgonjwa. Inasema tu kwamba apimwe zaidi.

Hata hivyo chombo peke yake hakitoshi. Ukimpima mtu joto leo ukakuta nyuzi 38, utajua ana homa kwa sababu wajua joto la kawaida ni karibu nyuzi 37. Vivyo hivyo, ili tujue kama kufungiwa kuliongeza dhiki, tunahitaji kipimo cha kabla ya kufungiwa, na bora kiwe cha watu wale wale. Waingereza walikuwa nacho. Tangu mwaka 2009 kuna uchunguzi wa maelfu ya kaya zao, ambazo huulizwa maswali yale yale mwaka baada ya mwaka, na hojaji ya Goldberg imo ndani yake. Janga lilipokuja, wachunguzi waliwarudia watu hao mwishoni mwa Aprili 2020, mwezi mmoja baada ya amri ya kufungiwa. Waliojibu walikuwa zaidi ya 17,000.

Matokeo yalichapishwa mwaka huo huo. Miaka ya 2018 na 2019 waliokuwa na dhiki kubwa walikuwa asilimia 18.9. Aprili 2020 walikuwa asilimia 27.3. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa vijana, kwa wanawake, na kwa watu waliokuwa wakiishi na watoto wadogo. Kundi hili la mwisho ndilo linalotuhusu.

Hapa wanafunzi wa hesabu wasimame kidogo. Tofauti ya 27.3 na 18.9 ni 8.4. Je, tuseme dhiki iliongezeka kwa asilimia 8.4? La. Katika kila watu 100, watu 8 zaidi walikuwa na dhiki kubwa; lakini ukilinganisha na idadi ya mwanzo, 8.4 kugawanywa kwa 18.9 ni karibu 0.44, yaani idadi ya wenye dhiki iliongezeka kwa asilimia 44. Kauli zote mbili ni za kweli, na msomaji wa magazeti asiyejua tofauti yake huweza kutishwa au kulazwa usingizi kwa takwimu zile zile.

Kuna somo jingine tena. Kwa kuhesabu kwa njia ya kwanza, wastani wa alama ulipanda kutoka 11.5 hadi 12.6, yaani kwa alama 1.1. Lakini wachunguzi waligundua kwamba wastani huo ulikuwa ukipanda polepole hata kabla ya janga, tangu mwaka 2014. Kama hali ingaliendelea vivyo hivyo bila UVIKO-19, bado wastani ungalipanda. Walipoondoa sehemu hiyo iliyotarajiwa, kilichobaki kilikuwa alama 0.48. Mchunguzi mwenye papara angalilitupia janga mzigo wote wa 1.1, mchunguzi mwaminifu alilipa sehemu yake tu. Hiyo ndiyo tabia ya kisayansi, nayo inafundishika.

5. Njia iliyopitiwa

Ni kwa njia gani amri ya serikali huingia katika kichwa cha mzazi? Tukirudi katika nyumba ile ya Kisauni tutaona njia nne.

Ya kwanza ni riziki. Mtu apataye fedha ya leo kwa kazi ya leo hana akiba ya kumfungia mlango. Ya pili ni kulimbikizana kwa kazi. Mzazi aligeuka kuwa mwalimu, mpishi wa mlo wa mchana ambao zamani uliliwa shuleni, mlezi na mtafuta riziki katika saa zile zile, na sehemu kubwa ya mzigo huo iliwaangukia akina mama. Ya tatu ni kukatika kwa misaada. Katika jamii zetu mtoto halelewi na watu wawili. Kuna bibi, shangazi, jirani, mwalimu wa madrasa na wenzi wa kanisani. Misiba yenyewe, ambayo ndiyo shule yetu ya kufarijiana, ilizikwa na watu wachache na kwa haraka. Ya nne ni kutojua mwisho. Mtu huweza kubeba mzigo mzito sana akiambiwa ataushusha wapi. Amri hizi ziliongezwa muda mara kwa mara, na hakuna aliyeweza kuwaambia wazazi zitaisha lini.

Njia hizo nne hukutana mwilini. Mwaka 1936 mtaalamu Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, alionyesha kwamba panya wakitiwa katika mateso ya namna mbalimbali, kama baridi kali, majeraha au kuchoshwa kupita kiasi, miili yao hutoa dalili za namna moja, ikiwa ni pamoja na kuvimba kwa tezi za adrenali. Tezi hizo ziko juu ya mafigo, na binadamu pia anazo.

Mambo huenda hivi. Mtu akihisi hatari, sehemu ndogo ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa ishara. Ishara ya kwanza hupita katika neva, na adrenalini humiminwa katika damu kwa muda mfupi sana: moyo hupiga mbio, mikono hutoka jasho. Ishara ya pili huenda polepole zaidi, kwa njia ya homoni, hadi tezi ya pituitari, na kutoka huko kwa njia ya damu hadi adrenali, ambazo hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, na huahirisha kazi za mwili zisizo za haraka.

Ni nini kinachouzima mwendo huo? Msomaji na alifikirie tangi la maji lenye boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kuufunga mfereji. Kotisoli hufanya kazi kama boya: ikizidi katika damu huurudia ubongo, na haipothalamasi hupunguza ishara zake. Mpango huu ni mzuri kwa hatari ipitayo, kama simba au gari lililokosa breki. Haukuumbiwa hatari isiyopita. Kodi ya nyumba haikimbii kama simba. Iko pale asubuhi na jioni. Tangi ambalo maji yake huchotwa mchana kutwa, boya lake halipumziki, na hatimaye hulegea. Ndipo usingizi hukatika, uvumilivu hupungua, na neno dogo la mtoto huamsha hasira kubwa. Nisieleweke kwamba kila aliyefungiwa aliugua, wala kwamba sonona ni kotisoli tu. Sababu zake ni nyingi, zikiwamo za kurithi na za maisha yaliyopita. Lakini njia hii ya mwili yatosha kutuonyesha kwamba ukali wa mama wa Kisauni haukuwa ubaya wa tabia yake.

6. Mzazi na mtoto

Je, taabu ya mzazi na taabu ya mtoto zilikwenda pamoja, au kila mmoja alitaabika kivyake? Swali hili linaweza kujibiwa kwa hesabu ya kidato cha tatu.

Mwezi Juni 2020 wachunguzi wa Marekani waliwauliza wazazi zaidi ya 1,000 kuhusu hali zao tangu Machi. Asilimia 27 walisema afya yao ya akili imekuwa mbaya zaidi. Asilimia 14 walisema hali ya kitabia ya watoto wao imekuwa mbaya zaidi. Kama mambo haya mawili yasingehusiana kabisa, tungetarajia yakutane katika familia moja kwa kiasi cha 0.27 mara 0.14, yaani karibu 0.04, au familia 4 katika kila 100. Lakini yalikutana katika familia karibu 10 katika kila 100, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya matarajio. Basi hayakukutana kwa bahati. Tena, katika familia hizo zenye taabu mbili, asilimia 48 zilikuwa zimepoteza malezi ya kawaida ya watoto, yaani mtu au mahali palipowaangalia watoto wakati wazazi wakiwa kazini. Tunamkumbuka bibi wa Rabai.

Hata hivyo hesabu hii haituambii nani alianza. Huenda mzazi aliyelemewa alimkaripia mtoto, na mtoto akaharibika. Huenda mtoto aliyenyimwa shule na wenzake alisumbua, na mzazi akalemewa. Huenda wote wawili walipigwa na jambo la tatu, yaani njaa au kodi. Inaelekea zaidi kwamba yote matatu yalizunguka kama gurudumu, na katika gurudumu ni kazi bure kutafuta mwanzo. La maana ni kujua mahali pa kulishika ili lisimame.

7. Tahadhari

Mtu anaweza kusema: ikiwa ni hivyo, kufungia watu lilikuwa kosa. Takwimu hizi hazituruhusu kusema hivyo. Mwezi ule ule walipofungiwa, watu pia waliogopa kuambukizwa, walifiwa na walipoteza kazi kwa sababu biashara ya dunia nzima ilidorora. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba katika mwaka 2020 duniani kote kulikuwa na wagonjwa wa sonona milioni 53 zaidi ya waliotarajiwa, na wa wasiwasi uliopindukia milioni 76 zaidi, wengi wao wanawake na vijana. Uchunguzi huo uliona kwamba ongezeko hilo lilikwenda pamoja na mambo mawili: kupungua kwa mienendo ya watu, na pia wingi wa maambukizo yenyewe. Kuacha maradhi yaenee nako kungeliumiza akili za watu.

Lakini yako mambo mawili ambayo twaweza kuyasema kwa uthabiti. Kwanza, kufungia watu ni dawa yenye madhara, na dawa yenye madhara hutolewa kwa kipimo na pamoja na kinga ya madhara yake. Pili, takwimu nyingi nilizozitaja zimetoka katika nchi tajiri, kwa kuwa huko ndiko vipimo vya kabla ya janga vilikokuwapo. Kwa sehemu kubwa ya Afrika takwimu za namna hiyo zilikuwa chache mno. Mama wa Kisauni alitaabika bila kuhesabiwa, na asiyehesabiwa husahauliwa wakati wa kugawa msaada. Vijana wasomao makala hii ndio watakaolijaza pengo hilo.

8. Yaliyosaidia

Habari njema ni kwamba watu wengi walipona. Wachunguzi wale wa Uingereza waliendelea kuwauliza watu wao mpaka Oktoba 2020, wakaona kwamba wengi wao ama hawakutetereka ama walirudia hali yao ya kwanza. Karibu mtu mmoja katika kila tisa, hata hivyo, alibaki katika hali mbaya au alizidi kudidimia. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Ni wachache hao ambao jamii yapaswa kuwatafuta.

Je, wasaidiweje mahali ambapo madaktari wa akili ni wachache? Zimbabwe imetoa mfano. Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda na wenzake mjini Harare wamewafundisha akina mama watu wazima, wahudumu wa afya wasio madaktari, kukaa na mgonjwa juu ya benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza, na kumsaidia achague tatizo moja na kulitafutia hatua moja ya kulitatua. Kwa Kishona hali wanayoitibu huitwa kwa neno lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mswahili hahitaji kufafanuliwa. Njia hii ilijaribiwa kisayansi kwa wagonjwa 573 katika kliniki 24, baadhi wakipewa benchi na wengine huduma ya kawaida iliyoongezwa nguvu kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, katika kipimo cha dalili 14, wastani wa waliokaa benchini ulikuwa 3.8, na wa wenzao 8.9. Jaribio hilo lilifanywa kabla ya janga na halikuwahusu wazazi peke yao, lakini linathibitisha kwamba mtu wa kawaida aliyefundishwa vema anaweza kutibu.

Ndani ya nyumba nako yako mambo madogo yafaayo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na lile la Watoto, UNICEF, pamoja na wengine, walitoa mashauri kwa wazazi katika lugha nyingi. Kiini chake ni hiki: kuwa na ratiba ya siku, hata ikiwa nyepesi, kumpa kila mtoto dakika chache za peke yake kila siku, kumsifu afanyapo vema badala ya kungoja akosee, kugawana kazi za nyumbani, na mzazi, hasira ikimpanda, kuvuta pumzi polepole na kuondoka kidogo kabla ya kusema neno. Mashauri hayo hayalipi kodi wala hayajazi chungu. Hulishika gurudumu kwa upande mmoja, na upande wa pili, ulio wa riziki, ni wajibu wa serikali na jamii.

9. Wajibu wetu

Mwalimu asijifanye daktari, lakini anaweza kuona. Mzazi aliyekuwa akihudhuria mikutano akaacha, mwanafunzi asinziaye kwa kuwa usiku kucha humbembeleza mdogo wake, ni dalili za kuulizwa kwa upole. Mwanafunzi naye si tabibu wa wazazi wake, wala taabu yao si kosa lake. Anachoweza ni kupunguza mzigo mmoja, na kumwambia mtu mzima anayemwamini. Dalili zikipita majuma mawili, mtu apelekwe kituo cha afya kama apelekwavyo mwenye malaria. Na mtu yeyote akitamka kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake, na msaada utafutwe siku ile ile.

Milipuko ya maradhi itakuja tena. Itakapokuja, watakaotoa amri za kufungia watu, na watakaofungiwa, ni hawa walio madarasani leo. Wakiamua kufunga milango, na wajue kwanza walio nyuma ya milango hiyo watakula nini, watalelewa watoto na nani, na nani atakuja kuwajulia hali.

Maswali ya darasani

1. Eleza tofauti kati ya dhiki ya akili na sonona.
2. Katika kijiji kimoja wenye dhiki kubwa walikuwa asilimia 20, kisha wakawa asilimia 25. Andika ongezeko hilo kwa njia mbili, na useme gazeti lingependelea ipi, na kwa nini.
3. Kwa nini wachunguzi wa Uingereza hawakuridhika na tofauti ya 12.6 na 11.5?
4. Chora mchoro wa haipothalamasi, pituitari na adrenali, na uonyeshe mahali ambapo kotisoli hufanya kazi ya boya.
5. Ikiwa asilimia 30 ya wazazi na asilimia 20 ya watoto wametaabika, na mambo hayo hayahusiani, yatarajiwa yakutane katika familia ngapi kati ya 100? Yakikutana katika familia 15, wasemaje?
6. Mjadala: "Serikali isifunge shule kabla ya kupanga jinsi ya kuwasaidia wazazi." Unga mkono au pinga.